Kompyuta ya Nyumbani Imezeeka: Itiwe Viraka au Iagwe?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuihudumia Windows 10, programu kuu iliyoizindua Julai 2015 na ambayo ilienea katika kompyuta nyingi mno za dunia hii. Kwa maofisi makubwa, hiyo ilikuwa habari ya barua moja na hundi moja. Lakini kwa nyumba yenye kompyuta moja tu, ile wanayochezea watoto gemu jioni na kufanyia kazi za shule usiku, habari hiyo ilileta swali ambalo katika sebule nyingi halijapata jibu. Chombo hiki kikuukuu tukitie viraka, au tukiage na kununua kingine?

Leo twalitazama swali hili kutoka Manyatta. Si ule mtaa wa Kisumu, bali Manyatta ya Embu, jimbo la uchaguzi lililo kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambalo mji wa Embu wenyewe umo ndani yake, na mashamba yake ya kahawa na majani chai hupanda mpaka karibu na msitu. Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu ana haki ya kuuliza: ya Manyatta yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu mbili. Kwanza, nyingi ya kompyuta za mitumba zinazouzwa bara zilishushwa Kilindini kabla ya kuupanda mlima. Ni mali ya kontena moja, na maradhi yake ni yale yale. Pili, katika Manyatta fedha za nyumba huja kwa msimu, kama za mvuvi wetu na kusi na kaskazi zake. Fedha zijapo kwa msimu, uamuzi mbaya wa siku moja hulipiwa mwaka mzima.

OKTOBA NA JANUARI

Mkulima mdogo wa majani chai anayeuza kupitia viwanda vya KTDA hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha mwezi wa Oktoba hungojea bonasi. Mwenye kahawa naye hungoja mpaka zao lake likobolewe na kuuzwa. Windows 10, kwa bahati au kwa balaa, ilikoma mwezi ule ule wa bonasi. Basi tangazo la kununua kompyuta mpya lilimfikia mkulima wakati mfuko ungali na uzito. Lakini baada ya Oktoba huja Januari, na Januari ndio mwezi wa karo, sare na vitabu. Shilingi iliyotoka Oktoba hairudi Januari.

Tuchukue nyumba moja ya mfano, si ya mtu fulani. Baba ni mwalimu, mama anasimamia ekari moja ya chai. Wana binti aliye chuo kikuu, kijana wa sekondari, na mdogo wa shule ya msingi ya juu. Kompyuta yao ni ile iliyotumika ofisini Uingereza, kisha ikauzwa tena hapa: prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha saba, yaani ya mwaka 2017, memori ya gigabaiti 8, diski ya kuzunguka, na kadi ndogo ya picha ya NVIDIA, GTX 1050 Ti, iliyotiwa na fundi ili watoto wacheze. Siku hizi huchukua dakika nyingi kuamka, na kijana asema gemu mpya "zinakwamakwama". Mtoto ataka mpya, baba hataki kutoa hata senti, mama auliza swali la maana kupita yote: kwani imeharibika wapi?

BAO HALIZEEKI

Kabla ya kulijibu swali la mama, tuwe waadilifu kwa watoto. Wazee wetu wanaokaa barazani na bao, karata, keram na dhumna hawana haki ya kusema kuwa kucheza ni upuuzi. Mchezo ni sehemu ya malezi. Humfunza mtu kushinda bila kejeli na kushindwa bila hasira. Mzazi wa Manyatta aliyenunua kompyuta ya gemu mara nyingi ana sababu yake. Kijana akikosa mchezo nyumbani, ataufuata katika vibanda vya pleisteshoni, ambako hulipa kwa kila mechi, na ambako baba hajui amekaa na nani. Kompyuta ya sebuleni huwaleta watoto, na marafiki zao, mbele ya macho ya wazazi.

Ila kuna tofauti moja kubwa. Bao la mninga hurithiwa. Hakuna kampuni iwezayo kuandika barua kusema kwamba kuanzia Oktoba kete za babu yako hazitambuliwi tena. Gemu ya kompyuta haiko hivyo. Imetundikwa juu ya ngazi ndefu: gemu hutegemea kadi, kadi hutegemea programu iiendeshayo, programu hutegemea Windows, na Windows sasa yataka prosesa ya umri fulani. Kipandio kimoja kikiondolewa, mchezaji huambiwa chombo chake ni kizee, ijapokuwa bado chawaka na kufanya kazi.

Kwa hiyo kuna uzee wa aina mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kuna uzee wa kweli, ambapo chombo hakimudu kazi uliyokipa. Na kuna uzee wa kutangaziwa, ambapo mtengenezaji amesema muda umekwisha. Wa pili si uongo, na una madhara yake, lakini haufanani na wa kwanza wala hautibiwi kwa dawa moja.

TANGAZO LASEMA NINI HASA

Microsoft ilipotoa Windows 11 Oktoba 2021, ilitaka kompyuta iwe na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, ukiacha chache sana. Kompyuta ya nyumba yetu ya mfano ni ya kizazi cha saba. Imekosa kwa kizazi kimoja tu! Wapo mafundi wanaojua kuipenyeza Windows 11 kwa mlango wa nyuma, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba chombo kilichopenyezwa kitaendelea kupata marekebisho.

Je, kompyuta ya Windows 10 hufa? La, hasha. Huwaka kama kawaida. Kinachokoma ni marekebisho ya usalama. Tundu likigunduliwa na wezi, halizibwi. Kwa wenye kompyuta za nyumbani Microsoft iliweka nyongeza ya mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, yaani karibu shilingi 3,900 za Kenya, au bila malipo kwa aliyekubali kuunganisha mipangilio ya kompyuta yake na akaunti ya Microsoft.

Na gemu je? Hapa historia yatufunza kutulia. Windows 7 ilikoma kuhudumiwa Januari 2020, lakini Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, liliiacha tarehe 1 Januari 2024. Miaka minne ilipita. Hatuwezi kuapa kwamba Windows 10 itapewa muda kama huo, lakini twaona kuwa wauza gemu hawawafukuzi wateja wao siku ya tangazo. Mwenye kadi kama ile ya 1050 Ti ajue pia kuwa NVIDIA ilikoma kuzitayarishia kadi za kizazi hicho programu za gemu mpya Oktoba 2025, ikaahidi marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Gemu za zamani zitaendelea. Gemu za kesho ndizo zitakazoleta taabu.

Kwa hivyo hatari ya haraka haiko katika mchezo, iko katika fedha na siri. Kompyuta isiyopata marekebisho isitumiwe kwa benki, wala kwa iTax ya KRA, wala kwa eCitizen. Mambo hayo yafanywe kwa simu inayopata marekebisho, au kwa chombo kingine salama. Kompyuta kuukuu ibaki na gemu na insha za shule.

MBAO NA MKUKU

Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa habari ya viraka. Jahazi hupandishwa pwani, ubao uliooza hung'olewa, mwingine hutiwa, kalafati hupigwa, na chombo hurudi baharini. Miaka hupita, mbao nyingi hubadilishwa, na jahazi ni lile lile. Lakini mkuku ukioza, fundi mwaminifu atakwambia usipoteze mbao zako. Unda chombo kingine.

Kompyuta ya mezani nayo ina mbao na mkuku wake. Diski, memori, kadi ya picha, feni na kisanduku cha umeme ni mbao. Mkuku ni ule ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi, kwani ndio huamua ni prosesa gani itakayokaa na ni memori ya aina gani itakayoingia. Prosesa yenyewe i katikati. Yaweza kubadilishwa, lakini kwa idhini ya mkuku tu.

Tazama mifano miwili. Intel ilipotoa kizazi cha nane mwaka 2017, ilitumia kikalio chenye idadi ile ile ya pini kama kizazi cha saba, lakini vikafanywa visielewane. Basi nyumba yetu ya mfano haiwezi kuchomoa prosesa ya saba na kuweka ya nane. Mkuku umekataa. Kwa upande mwingine, AMD ilianza na kikalio chake cha AM4 kwa prosesa za Ryzen za mwaka 2017, ikaendelea nacho kwa miaka mingi. Mwenye madabodi ya 2017 ya aina hiyo, ikiwa mtengenezaji ametoa marekebisho yake, aweza kuitia Ryzen ya mfululizo wa 5000, ambayo Windows 11 yaikubali. Kompyuta mbili za umri mmoja: moja yahitaji prosesa tu, nyingine yahitaji kuagwa. Ndiyo maana kuuliza kompyuta ina miaka mingapi hakutoshi. Yafaa kuuliza mkuku wake waruhusu nini.

KUPIMA KABLA YA KULIPA

Kosa kubwa la nyumba nyingi ni kununua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Vipimo vifuatavyo havigharimu kitu.

Ikiwa kompyuta yachelewa kuamka na kufungua barua au picha, mshtaki wa kwanza ni diski ya kuzunguka. Kuiondoa na kuweka diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, ndiko kunakobadilisha chombo kizee kuliko jambo lolote jingine. Na SSD ya waya wa SATA haipotei: siku utakaponunua kompyuta nyingine, utaihamisha.

Ikiwa gemu yakwamakwama, punguza ubora wa picha ndani ya gemu yenyewe. Ikianza kwenda vizuri, kadi ya picha ndiyo iliyolemewa. Isipobadilika, tazama prosesa, kisha memori. Windows ina ukurasa wake wa kuonyesha kila kiungo kinafanya kazi kwa kiasi gani. Kile kinachofika mia kwa mia na kukaa hapo ndicho kinachowangojesha wenzake.

Ikiwa kompyuta hucheza vizuri nusu saa kisha ikazimika au kupoa mwendo, shuku joto. Miteremko ya Embu ina udongo mwekundu, na vumbi lake wakati wa kiangazi huingia kila feni. Huku kwetu Pwani adui ni hewa ya chumvi na unyevu, unaokula miguu ya shaba ya memori na kadi. Kote kuwili dawa ni usafi: kufuta vumbi, kusafisha miguu hiyo, na kubadilisha ile dawa ya kupoza iliyo kati ya prosesa na bati lake. Ni kazi ya saa moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na ikiwa hujizima mara tu gemu nzito inapoanza, tazama kisanduku cha umeme. Umeme unaoyumba na kukatikakatika hukichosha kabla ya wakati. Nyumba isiyo na kifaa cha kusawazisha umeme isinunue kadi ya bei kubwa. Itakuwa kama kumvisha kanzu ya hariri mtu aliyesimama mvuani.

MTEGO WA KADI NA MTEGO WA JINA

Kompyuta za ofisi zilizotumika ni bora kwa bei, lakini hazikuundwa kwa gemu. Nyingi zina kisanduku cha umeme kidogo, chenye umbo na waya za kiwanda chake, na ganda jembamba lisiloingiza kadi ya kimo cha kawaida. Ndiyo maana kadi kama 1050 Ti ya mwaka 2016 na 1650 ya mwaka 2019 zilipendwa: zipo za aina hizo zinazotumia wati 75 tu, umeme ambao madabodi yenyewe hutoa bila waya wa ziada. Kijana atakayesoma sifa za kadi kubwa na kumsihi babaye ainunue, na aambiwe kwamba kadi hiyo itataka kisanduku kingine cha umeme, kisanduku kitataka ganda jingine, na mwisho mtakuwa mmenunua kompyuta mpya vipande vipande, mkibaki na mkuku ule ule mbovu.

Mtego wa pili u dukani, kuanzia Embu mjini hadi Luthuli Avenue ya Nairobi. Ni jina la i7. Muuzaji husema, "Hii ni i7, bwana," na mnunuzi husadiki kwamba saba ni zaidi ya tatu. Lakini i7 ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013, haikubaliwi na Windows 11, ilhali i3 ya kizazi cha nane yakubaliwa. Usiulize i ngapi. Uliza kizazi cha ngapi, na uione namba yote kwa macho yako kabla ya kutoa fedha.

MEMORI SI RAHISI TENA

Shauri la miaka mingi lilikuwa hili: kompyuta ikizeeka, iongezee memori, kwani ni rahisi. Shauri hilo sasa lahitaji kupimwa upya. Mwaka 2025 watengenezaji wakubwa walianza kuipunguza memori ya zamani ya DDR4, na mwishoni mwa mwaka huo bei ya memori ya kila aina ikapanda kwa kasi, kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu kwenye majumba makubwa ya kompyuta za akili bandia. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuliacha jina lake la Crucial, lililowauzia wateja wa kawaida memori na SSD kwa miaka mingi. Yaliyoamuliwa Marekani na Korea yakafika mpaka kwenye kabati la fundi wa Embu. Katika hali kama hii, memori iliyotumika na kupimwa mbele yako ni busara, na kununua nyingi "kwa ajili ya baadaye" si busara.

UAMUZI WA NYUMBA YETU

Basi nyumba yetu ya mfano ifanyeje? Tuna njia tatu.

Ya kwanza ni kununua mpya leo kwa fedha za bonasi. Itamfurahisha kijana hadi Januari. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na wakinunua kwa mkopo, hukumu ya riba msomaji wetu aijua. Hata asiyeijali hukumu hiyo na akumbuke kuwa kompyuta hupungua thamani kila mwezi huku deni likiongezeka.

Ya pili ni kuhamia Linux, programu kuu isiyouzwa, inayopata marekebisho hata kwenye chombo kizee. Kwa kazi za shule na chuo yatosha kabisa. Gemu nyingi nazo hucheza, hasa tangu Valve ilipotoa mwaka 2018 chombo chake cha Proton cha kuzitafsiri. Lakini Fortnite na Valorant hazichezi huko, wala kandanda ya EA, ile iliyoitwa FIFA hadi 2023, katika matoleo yake ya karibuni, kwa sababu ya walinzi wao wa kuzuia udanganyifu. Ikiwa mchezo wa nyumba ni mmoja wa hizo, njia hii imefungwa.

Ya tatu ndiyo tunayoiona bora. Kompyuta isafishwe, itiwe SSD, itolewe katika shughuli za fedha, na isiongezewe kitu kingine chochote kisichoweza kuhamishwa. Kila shilingi ipite katika mtihani mmoja: je, kifaa hiki kitanifuata kwenye kompyuta ijayo? SSD itafuata. Kioo na kibodi vitafuata. Kifaa cha kusawazisha umeme kitafuata. Prosesa kuukuu ya kizazi cha saba haitafuata, wala memori yake ikiwa kompyuta ijayo yatumia aina ya DDR5. Kisha nyumba iweke akiba kidogo kidogo hadi inunue kompyuta moja yenye mkuku mzuri, ya kizazi cha nane au zaidi, au ya AM4, katika ganda la kawaida lenye kisanduku cha umeme cha kawaida. Inunuliwe baada ya karo, si kabla yake.

Na uamuzi huo usifanywe na baba peke yake. Chombo ni cha wote. Binti anacho na tasnifu yake, kijana na gemu zake, mdogo na masomo yake. Wakishauriana mezani, na kijana akaonyeshwa hesabu za Oktoba na Januari kama zilivyo, atajifunza jambo ambalo gemu haimfunzi. Huenda hata akakubali mwenyewe kupunguza ubora wa picha.

Siku ya kuagana ikifika, kompyuta isitupwe jalalani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za umeme katika mwaka 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka imemtwika mtengenezaji na mwagizaji sehemu ya mzigo huo, na Nairobi kuna Kituo cha WEEE kinachopokea vifaa hivi. Ukimpa jirani au shule, ifute diski kwanza. Picha za mabinti zako, nakala za vitambulisho na barua zako ni amana, na fundi asiyekujua si mlinzi wake.

Wazee walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Hawakusema ulale juu ya mbacha uliokwisha kuoza. Mwenye kuujua mkuku wa chombo chake hatatishwa na tangazo la kampuni, wala hatadanganywa na namba ya dukani.